Ngozi ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa amenyoosha mguu juu ya kigoda, bandeji imeshalowa rangi ya chai, alipomwona kwenye televisheni bosi wa mkamwana wake. Ilikuwa taarifa ya habari ya mchana, siku ya Jumamosi. Mkurugenzi wa taasisi alivaa koti jeupe lisilo hata mkunjo, na kwa vidole viwili alishika kisahani cha kioo kana kwamba kina yai la ndege adimu.

"Hivi karibuni," alisema, "hakuna mwananchi atakayeteseka tena kwa jeraha la moto. Ngozi tumeipata."

"Mkamwana!" Mama mkwe aliita kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. "Mkamwana, njoo upesi! Si huyu bosi wako?"

Mtafiti alitoka jikoni na povu mpaka viwikoni. Alitazama mara moja tu, akakitambua kisahani kile. Kilikuwa cha mwezi wa nne. Alikijua kwa kibandiko chake cha kijani alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: "Usitumie."

"Ndiye, mama."

"Na hiyo ngozi si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo. Ni kazi ya kikundi chetu."

Mama mkwe aligeuza shingo polepole, akautazama mguu wake, kisha akamtazama mkamwana. "Basi nifafanulie, maana mimi sikusoma. Nina wiki ya saba na jeraha hili. Ngozi iko kazini kwako. Mimi niko hapa. Nani anamsubiri nani?"

Mume, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alijifanya anasahihisha madaftari. Kalamu nyekundu ilibaki hewani. Hata yeye alikuwa anangoja jibu.

Mtafiti alijifuta mikono kwenye kanga. "Bado haijaruhusiwa kwa watu, mama," alisema, akarudi kwenye vyombo vyake. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa nusu ya ukweli, na yeye ndiye aliyeijua nusu ya pili.

Nusu ya pili ilikuwa hivi. Kwa miaka tisa alikuwa akichemsha magamba ya samaki, kuyachuja, kuyagandisha na kuyageuza utando mwembamba wenye matundu kama sifongo. Ndani ya matundu hayo alipanda chembe hai za ngozi, akazilea kwenye kabati la joto kama mtu anayelea mbegu. Mwanzoni alikuwa akiomba magamba kwa wauza samaki sokoni, nao wakamwogopa, wakidhani ni mambo ya uchawi. Ngozi ilikuwa inaota. Ikiwekwa mgongoni mwa panya, wiki ya kwanza inapendeza mpaka unataka kumwita jirani aione. Wiki ya tatu inaanza kujikunja. Inavuta kingo za jeraha, inasinyaa kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na panya anabaki na kidonda kibaya kuliko cha mwanzo. Panya ishirini na wanne. Kumi na tisa walikuwa hivyo. Aliyaandika hayo kwenye ripoti kwa herufi nzito. Mkurugenzi alijibu kwa neno moja: "Tutajadili."

Nyumbani hakuwahi kusema. Mtaani walishambandika jina la Dakta wa Panya, tangu siku jirani alipomletea mtoto mwenye homa naye akasema yeye si daktari wa aina hiyo. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili usitibu mtu?" jirani aliuliza, si kwa ubaya, kwa mshangao tu. Mtu aliyekwisha kuitwa hivyo hana hamu ya kuongeza kwamba hata hao panya hawaponi.

*

Jumatatu alimpeleka mama mkwe hospitali kubadilisha bandeji. Muuguzi alikuwa na haraka, na chumba kilikuwa na kitanda kimoja na watu tisa.

"Wewe ni nani yake?"

"Mkamwana wake."

"Ni daktari huyu," mama mkwe alidakia, akiinua kidevu ili na wale wanane wasikie. "Huyu ndiye anayetengeneza ile ngozi ya kwenye televisheni."

Muuguzi alimwangalia mtafiti kuanzia viatu hadi kichwani. "Ahaa. Basi daktari, shika mguu hapo. Juu kidogo. Usitetemeke."

Akaushika. Bandeji ilipotoka, harufu ilijaa chumba. Jeraha lilianzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, pale sufuria ya maji ya moto ilipomponyoka mama mkwe na kummwagikia. Katikati palikuwa pamelowa na pana wekundu mbichi. Mtafiti alijua jina la kila tabaka alilokuwa akiliona, na la kila tabaka lililokosekana. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kushika mguu.

"Shashi zimeisha," muuguzi alisema. "Daktari, toka hapo nje, duka la pili, ulete pakiti mbili."

Aliporudi na pakiti zake alimkuta daktari wa upasuaji, kijana mwenye macho ya usingizi, akiongea na mama mkwe. "Mama, jeraha hili halitajifunga lenyewe. Tutachuna ngozi nyembamba pajani kwako, tuibandike hapa. Ni njia ya siku nyingi, na inafanya kazi."

"Pajani kwangu?" Mama mkwe alivuta gauni lake chini. "Nina mguu mmoja mbovu, unataka niwe nayo miwili? Mwanangu, mimi nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Sijaona fundi anayetoboa nguo nzima ili azibe iliyotoboka. Sitaki. Kwangu kuna mtengeneza ngozi."

Daktari kijana alimgeukia mtafiti, akisubiri mwenzake wa elimu amsaidie. Mtafiti alitazama pakiti za shashi. Watu wanane walikuwa wakisikiliza. "Tutazungumza nyumbani," alisema.

*

Siku mbili baadaye Mkurugenzi alimwita ofisini. Wafanyakazi walimwita Profesa Hivi Karibuni, lakini kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa.

"Karibu, karibu. Nasikia nyumbani kuna mgonjwa. Pole sana."

"Asante. Umesikia kwa nani?"

"Mumeo alikuja jana. Bwana mstaarabu sana." Akaegemea kiti. "Ninavyoona mimi, Mungu ametufungulia mlango. Tarehe ishirini Waziri anakuja kuzindua. Waziri hawezi kuzindua kisahani. Anahitaji mtu. Na mtu yuko kwako."

Mtafiti alitikisa kichwa. "Profesa, kamati ya maadili haijapitisha."

"Kamati itapitisha. Mwenyekiti wake nilimteua mimi."

"Na panya kumi na tisa?"

Mkurugenzi alitabasamu kama mtu anayeulizwa swali na mtoto wake. "Mama mkwe wako ni panya?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unamhukumu kwa kesi ya panya?" Akainua chombo cha maua kilichokuwa mezani, akavuta bahasha iliyokuwa chini yake. Ilikuwa na duara la maji. Mtafiti aliijua: maombi yake ya kupandishwa cheo, aliyoyawasilisha miaka miwili iliyopita. Kumbe siku zote hizo yalikuwa yanazuia maua yasichafue meza. "Haya nitayasaini leo. Na wewe utasaini hii." Akasukuma karatasi ya pili. Ilisema kwamba yeye, mtafiti kiongozi, anathibitisha kuwa ngozi ni salama kwa matumizi ya binadamu.

"Naomba nifikirie."

"Fikiria. Ila usifikirie kisayansi, maana utachelewa. Jumatatu asubuhi."

*

Mume alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni.

"Ulikwenda kwa bosi wangu."

"Nilikwenda." Hakujaribu kujitetea. "Mama yangu anaoza mguu, mke wangu. Ningekwenda hata kwa mganga. Kwa bosi wako ndiko kulikuwa karibu."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza wiki saba! Kila nikiuliza unasema bado, haijaruhusiwa, kamati. Jana yule mzee akaniambia iko tayari, kinachongojwa ni sahihi yako tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Sahihi ya mke wangu, kwa mama yangu!"

"Haifanyi kazi," mtafiti alisema.

"Nini haifanyi kazi?"

"Ngozi. Haijawahi kufanya kazi ya kutegemewa. Wiki ya tatu inaharibika na kuvuta jeraha. Nikimwekea mama, atakatwa mguu."

Mume alikaa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na bado hakuona vizuri. "Miaka tisa," alisema taratibu, "watu wananiuliza mkeo anafanya kazi gani, na mimi najibu kwa kifua mbele: anatengeneza ngozi. Shuleni. Misibani. Sasa unaniambia hakuna ngozi. Siku zote hizo ulipokuwa unarudi umechoka, ulikuwa unafanya nini?"

Hakukuwa na dharau katika swali lile, na hilo ndilo lililouma. "Nilikuwa natafuta kwa nini inarudi."

Pazia la mlangoni lilitikisika. "Inarudi?" Mama mkwe aliuliza kutoka upande wa pili, bila hata aibu ya kukutwa akisikiliza. "Inarudi wapi?"

Mume aligeukia pazia.

"Nauliza. Inarudi kama kitambaa? Unashona gauni linamkaa mtu vizuri, akilifua mara mbili haliingii mabegani?"

Mtafiti alinyanyuka, akalivuta pazia. "Ndiyo, mama. Vivyo hivyo. Kama kitambaa."

"Na wewe ulikuwa unalijua hilo, ukaniacha nijisifu mbele ya hospitali nzima?"

"Niliona haya, mama."

Bi mkubwa aligonga gongo lake sakafuni. "Kesho nipeleke nikakione hicho kitambaa."

*

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, maabara ilikuwa tupu. Mama mkwe aliingia akichechemea na gongo lake, akakalishwa kwenye kiti cha duara, mguu juu ya boksi la glavu. Alitazama huku na huku: meza ndefu, darubini, kabati la joto linalonguruma, dirisha lililozibwa ufa kwa gundi ya plasta.

"Nilidhani unakaa kwenye kiti kinachozunguka na kiyoyozi," alisema.

"Kiyoyozi ni cha chembe, mama. Si changu."

Mtafiti alimtolea kisahani. Ndani palikuwa na utando mweupe, laini, unaong'aa. Mama mkwe alivaa miwani yake ya kushonea, akavishwa glavu, akaugusa kwa ncha ya kidole, akaubinya, akauvuta kidogo upande mmoja na kisha mwingine, kama alivyozoea kupima kitambaa dukani kabla ya kubishana bei.

"Mzuri," alikiri. "Mtu angenunua."

Kisha mtafiti alipanga picha mezani. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Wiki ya tatu. Mama mkwe alizitazama moja moja, na ya tatu akaisogeza mbali na macho.

"Hukukiloweka kabla ya kukata? Kitambaa kinachorudi unakiloweka kwanza, kirudi chote, ndipo ukate."

"Tuliloweka, mama. Mwaka wa tatu. Maji ya chumvi, maji ya moto, mpaka spiriti."

"Ukakivuta ukakibana kwa pini?"

"Mwaka wa tano."

"Ukakitia bitana?"

"Mwaka wa saba. Bitana nayo ikarudi."

Mama mkwe akavua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu mtafiti aolewe katika nyumba ile, bi mkubwa alikosa cha kushauri. Panya walikwaruza kwenye vizimba vyao chumba cha pili.

"Kwa hiyo miaka tisa hujapata."

"Sijapata."

"Na utaendelea?"

"Wakiniruhusu."

"Mh." Aliangalia picha ya tatu tena, kwa mbali. "Na ile ya yule kijana mwenye usingizi? Ya pajani. Hairudi?"

"Hurudi kidogo. Lakini inashika, kwa sababu ni yako. Mwili unaijua."

Midomo ya mama mkwe ilicheza kama ya mtu anayehesabu mishono. Ghafla akapiga paja lake kofi. "Upindo!" alisema. "Nilisema upuuzi kule hospitali. Kiraka kizuri hukatwa kwenye upindo wa nguo hiyo hiyo, mahali pasipoonekana. Rangi inalingana, na hata ukifua kinakwenda na mwenzake. Miaka arobaini nimefanya hivyo, na mbele ya wale watu nimeongea kama mwanagenzi. Niinue. Twende kwa yule kijana."

*

Jumatatu asubuhi mtafiti aliirudisha karatasi ikiwa haina sahihi. Nakala ya matokeo ya panya ishirini na wanne aliipeleka mwenyewe mpaka kwa katibu wa kamati ya maadili, akasubiri igongwe muhuri wa kupokelewa. Katibu alitafuta muhuri kwa robo saa. Haukuwa umetumika siku nyingi.

"Umeniangusha," Mkurugenzi alimwambia kwenye ngazi, kwa huzuni ya kweli kabisa. Bahasha ilirudi chini ya maua.

Tarehe ishirini Waziri alizindua kisahani. Alipiga makofi, akasema sayansi ndiyo mkombozi, akaondoka na kisahani chenyewe kwa kudhani ni zawadi. Mtafiti alikuwa amesimama safu ya nyuma, nyuma ya kipaza sauti kikubwa, na kwenye picha zote ulionekana mkono wake tu.

Siku zile zile mama mkwe alikuwa wodini, ngozi ya paja lake imelala juu ya jeraha kama karatasi ya kufungia vitabu. Siku ya tano daktari kijana alifunua bandeji, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Imeshika. Wiki ya sita bi mkubwa alitembea mwenyewe kutoka mlangoni mpaka dukani na kurudi, bila gongo, akipita katikati ya barabara ili aonekane.

Na mtaa ukaona. Mtaa haukuhitaji kuelezwa: televisheni ilisema ngozi ipo, mkamwana ndiye mwenye ngozi, mama mkwe amepona. Jioni ile ile jina la Dakta wa Panya lilikufa, akazaliwa Dakta wa Ngozi. Wakaanza kuja. Alikuja mwanamke mwenye kovu la shavuni, akaja mzee mwenye kidonda cha sukari, akaja bwana mmoja aliyetaka kujua kama inapatikana ngozi ya rangi nyeupe kidogo.

"Si mimi," mtafiti aliwaambia wote. "Ni daktari wa hospitali. Ngozi ni ya mama mwenyewe, imechunwa pajani kwake."

Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. "Wenye elimu ya kweli hawajisifu," jirani wa mtoto mwenye homa alisema. Kadiri alivyokana ndivyo sifa ilivyokua.

Ijumaa ya wiki hiyo alipokea barua. Kwa maslahi ya taasisi, anaondolewa kwenye utafiti na kuhamishiwa ufundishaji wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Funguo za maabara akabidhi. Aliisomea barua hiyo mlangoni, huku mtu mmoja akimpongeza na mwingine akimwonyesha jipu.

*

Sifa haina miguu lakini inafika. Ilifika mpaka kwa Mkurugenzi, naye hakuuliza imetoka wapi. Alimtuma mpiga picha na afisa habari, msichana mwenye viatu vya visigino ambavyo vilizama kwenye tope la uani.

"Tunaomba picha ya mguu tu, mama," afisa habari alisema. "Kwa ajili ya ripoti ya mwaka."

Mtafiti alikuwa amesimama kando, mikono imefungwa kifuani. "Hiyo ngozi si ya taasisi," alisema.

"Sisi tumeagizwa picha tu, dada."

"Waache, mkamwana," mama mkwe alisema. "Wameagizwa." Akaketi kwenye kiti, akapandisha gauni mpaka gotini. Mguu ulikuwa na kiraka cha rangi ya kahawia iliyokolea, chenye alama za vimraba, lakini kizima na kikavu. Mpiga picha alipiga mara tano.

"Asante sana, mama."

"Hujamaliza." Bi mkubwa alipandisha gauni zaidi, bila kusita, mpaka likaonekana paja na mstatili mwekundu uliokuwa bado unapona. Mpiga picha aligeuka pembeni kwa haya. "Unaona aibu ya nini? Nina umri wa bibi yako. Piga na hapa. Ukipiga kiraka na usipige upindo kilikokatwa, utakuwa umepiga uongo."

Afisa habari alimtazama mtafiti, kana kwamba anaomba tafsiri.

"Mpige," mtafiti alisema. "Ndiyo data kamili."

Akapiga. Mume, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari mkononi, alicheka mpaka akakohoa. Wageni walipoondoka alimsogelea mkewe. "Kesho wakiniuliza shuleni unafanya nini," alisema, "nitawaambia ulikataa kusaini."

"Watakuuliza nilikataa nini."

"Nitawaambia. Nina kipindi cha dakika arobaini."

Ripoti ya mwaka ilitoka na picha moja, iliyokatwa chini ya goti. Maelezo yake yalisema: "Mnufaika wa kwanza." Mama mkwe aliisoma mara mbili, akaichana, akaitumia kufungia vifungo vyake vya kushonea.

Siku ya kwanza ya muhula mtafiti aliingia darasani na chaki tatu. Wanafunzi walikuwa mia na ishirini, wengine wamekaa madirishani. Kabla hajafungua mdomo, msichana wa safu ya mbele aliinua mkono, ripoti ya mwaka imekunjwa mbele yake.

"Mwalimu, ni kweli wewe ndiye uliyetengeneza ngozi ya mkweo?"

"Hapana," alisema. "Ile ilitoka pajani kwake."

Darasa zima likacheka. Walipenda mwalimu anayeanza kwa utani.

Akangoja wamalize. Kisha akageukia ubao, akachora mistari miwili ya grafu, na kutoka juu kushoto akateremsha mstari wa tatu, taratibu, wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, mpaka chini kabisa. Chaki ikakatika, akaokota kipande, akaandika pembeni: panya 24, waliofaulu 5.

"Ngozi niliyoitengeneza mimi ni hii," alisema. "Andikeni."

Kicheko kilikwisha. Wakaandika.